Unga Usiopeperuka

Kabla hajagusa skrubu yoyote, fundi hufunga dirisha. Makambako ni mji wa upepo. Aliyewahi kushuka basi pale zinapoachana njia ya Mbeya na ya Songea, akiwa na shati peke yake, anaujua. Mwezi wa saba upepo huo huja na vumbi, na vumbi kwa fundi huyu ni adui wa pande mbili: linaingia kwenye mashine, na upepo unaolileta unaweza kuunyanyua unga mweusi ukatua kwenye kuta, kwenye kola na kwenye mapafu. Basi hufunga dirisha, hutandika gazeti la zamani, huvaa barakoa, halafu huweka kando kipande cha kitenge cheusi kilichokunjwa mara nne.

Kitenge hicho ndicho kilichonifanya nikae. Nilikuwa nimempelekea katriji ya printa ya shuleni kwetu, nikakusudia kuiacha na kuirudia jioni. Alipochomoa dramu, ile silinda ya kijani inayong'aa ndani ya katriji, aliifunika pale pale, haraka na kwa upole, kama mama anavyomfunika mtoto mchanga aliyetoka kumwogesha.

"Hii inaandikwa kwa mwanga, mwalimu," aliniambia. "Ukiiacha mezani dirisha likiipiga, itakuwa imeandikwa kila mahali."

Nimefundisha miaka mingi, nimechapisha mitihani isiyo na idadi, na sikuwahi kusikia mtu akieleza kazi ya printa ya leza kwa sentensi fupi kama hiyo. Dramu hupewa chaji ya umeme gizani, leza ikapita juu yake kama kalamu, na unga ukashika pale tu mwanga ulipogusa. Ugumu wote uliobaki, ule uliowatoa jasho wavumbuzi kwa miongo mingi, ni kuufanya unga ukae panapotakiwa na usikae pengine popote.

Tazama bledi, ukingo mwembamba unaoegemea roli ya sumaku. Kazi yake ni kusawazisha unga ili upite tabaka moja, jembamba, lenye kimo kile kile kuanzia mwanzo wa roli hadi mwisho. Mkulima wa viazi wa Njombe hahitaji kuelezwa zaidi: hapo lumbesa hairuhusiwi. Unga ukipita kilima, ukurasa unakuwa na kijivu kama ukungu wa asubuhi kule Njombe mjini. Ukipita bonde, maneno yanafifia katikati ya sentensi. Bledi nyingine, ya mpira, hukwangua mabaki kwenye dramu na kuyasukuma kwenye chumba chake cha taka. Fundi wangu hukimwaga chumba hicho kila anapojaza, akakisafisha kwa brashi hadi pembeni. Wengine hawakigusi, kikajaa, taka zikarudi juu ya karatasi. Wapo pia wanaochukua mabaki hayo, yenye nyuzi za karatasi ndani yake, wakayarudisha kwenye tangi la unga mzuri. Huo kwangu ni wizi, hata kama mteja hatajua kilichoibwa.

Ana rula ya plastiki ya shuleni, ya sentimita 30, namba zake zimeanza kufutika. Nilidhani ya kukatia karatasi. Akachukua ukurasa niliomletea, wenye doa jeusi linalojirudia kutoka juu hadi chini, akapima kutoka doa moja hadi jingine, akasema, "Dramu." Sababu ni mzingo wake: kwenye katriji ndogo kama ile ya 12A iliyoenea katika steshenari zetu, dramu ikimaliza mzunguko mmoja imetembea takriban milimita 75, na jeraha moja juu yake litajiandika tena na tena kwa umbali huo. Doa likija kwa hatua fupi zaidi, atafute roli nyingine. Mstari ulionyooka kutoka juu hadi chini ni hadithi ya bledi. Anausoma ukurasa mbovu kama mganga asomavyo ulimi wa mgonjwa, na wala hakuiwasha mashine.

Ndipo nilipoanza kuwawaza waliotangulia. Chester Carlson alikuwa mtu wa idara ya hataza ya kampuni moja huko Marekani, mwenye ugonjwa wa viungo, aliyechoshwa na kunakili nyaraka kwa mkono. Tarehe 22 Oktoba 1938, katika chumba kidogo cha Astoria, New York, yeye na msaidizi wake Otto Kornei walisugua bamba la zinki lililopakwa salfa kwa kitambaa cha pamba, wakalipitisha kwenye mwanga, wakanyunyiza unga wa mmea. Herufi zikajitokeza: tarehe ile na jina la mahali pale. Waliupeperusha kwa pumzi unga wa ziada. Pumzi ya mtu ndiyo iliyokuwa bledi yao! Makampuni mengi yalimkataa, na ilimbidi asubiri hadi 1959 ndipo mashine ya kunakili iliyofanikiwa sokoni, iliyojengwa juu ya wazo lake, Xerox 914, ilipotoka. Mwaka 1971 Gary Starkweather, kule Palo Alto, aliifanya leza iandike juu ya dramu. Mwaka 1984 printa ya kwanza ya LaserJet ikaja na mtambo wa Canon, na unga, dramu na chumba cha taka vikiwa vimefungwa pamoja katika kisanduku kimoja ambacho karani yeyote angeweza kukibadilisha bila kuchafua vidole.

Ninachokistahi zaidi ni walichoufanyia unga wenyewe. Zamani plastiki na rangi viliyeyushwa pamoja, vikagandishwa, vikasagwa. Na kitu kilichosagwa kina chenga, kubwa kwa ndogo, zenye kona. Baadaye wakajifunza kuzikuza punje ndani ya kimiminika, moja moja, hadi zikawa duara na za saizi moja, mikroni tano au sita, wakati unywele wa mtu ni kama sabini. Ni tofauti ya dona na ulezi. Shika ulezi mkononi uone unavyotiririka. Dona hukaa fungufungu. Kisha juu ya kila punje wakapaka vumbi la silika, jembamba kuliko punje yenyewe, ili zisishikane. Mtu alikaa maabara miaka akiwazia jinsi chembe asiyoweza kuiona itakavyoteleza kando ya mwenzake, ili herufi "e" ya mtihani wa mtoto wa Wanging'ombe isijae tumbo.

Na sisi tunafanya nini na juhudi hiyo? Tunanunua unga wowote ulioko kwenye chupa isiyo na jina, tunautia kwenye mashine yoyote. Rimu tunaiacha sakafuni masika nzima, karatasi ikanywa unyevu, halafu tunailaumu printa. Fundi huyu huweka rimu juu ya kabati na hafungui mpya kabla ya ile ya kwanza kuisha. Katriji nyingi sasa zina chipu inayohesabu kurasa. Ikisema basi, kisanduku kinatupwa kikiwa na dramu nzima ndani, na bledi ambayo ingefanya kazi tena. Nimeziona zimelala kwenye shimo la taka nyuma ya shule, mvua ikizipiga. Vijana wawili waliwahi kuja kwake kujifunza. Mmoja alikaa miezi miwili. Walitaka kujua namna ya kujaza. Subira ya kusafisha hawakuitaka.

Siku ile nilikuwa nimebeba kitu kingine kwenye mkoba, na nilisita kabla ya kukitoa. Kilikuwa ratiba ya ibada ya mazishi ya shangazi yangu, aliyenilea Njombe tangu enzi ile bado ni mkoa wa Iringa. Tuliichapisha usiku wa kuamkia maziko, kwenye duka lililokuwa bado wazi, na hatukuwa na muda wa kuchagua. Kaburini kulinyesha manyunyu. Katikati ya wimbo wa pili nilitazama kidole gumba changu, nikaona kimekuwa cheusi; nikatazama karatasi, na pale palipokuwa na jina lake palikuwa na kivuli. Watu wote waliozunguka kaburi walikuwa na weusi kwenye vidole. Nimeitunza ndani ya Biblia tangu siku hiyo, na kila nikiifungua inapungua kidogo.

Fundi aliinyanyua kwa pembe zake, akaipeleka karibu na taa, akagusa mstari wa chini, ulionusurika, kwa ncha ya ukucha. Unga ukabaki kwenye ukucha.

"Haukuiva," alisema. Akanieleza kwamba unga huo ulikuwa wa mashine nyingine, inayotaka joto kubwa zaidi. Fyuza ya printa ile, yaani sehemu inayouyeyusha unga kwa joto, iliupitisha haraka, juu ya karatasi baridi na yenye unyevu, ukakaa juu bila kuyeyuka na kushika nyuzi. Nilimwuliza kama inawezekana kuipitisha tena kwenye joto sasa. Alifikiri kwa muda mrefu. Alisema ingeshika kilichobaki, lakini kwanza roli zingekivuruga.

Hakunirudishia mara moja. Aliiweka juu ya kile kitenge cheusi, mbali na gazeti lenye unga, akavua barakoa.

"Aliitwa nani?" aliuliza.

Nikamtajia. Akachukua karatasi nyeupe kutoka juu ya kabati, akaketi kwenye kompyuta, akaniomba nilitaje tena, herufi kwa herufi.