Fungueni Begi

Insha nyingi zinazotufikia kwenye kikundi cha vijana hapa Rusizi zina njia moja: vita, mpaka, kituo cha Nyarushishi, miaka ya kungoja kambini, halafu jina kwenye orodha, na ndege. Mwisho. Zimeandikwa vizuri, nyingine zinaliza. Lawama yangu ni moja: ndani yake hakuna mgonjwa anayesafiri. Mgonjwa wa insha zetu ama anapona kabla ya ndege, ama anakufa njiani. Yule wa dawa za kila siku, mwenye sukari, kifafa au VVU, hayupo kabisa. Na kambini tunaishi naye.

Hilo si jambo dogo. Msomaji anaelewa kwamba anayeondoka ni mzima tu. Msichana mmoja wa kikundi chetu, anayejichoma insulini, aliniuliza kama anyamaze siku ya kupimwa. "Kaka, wakijua si watanikata?" Nikamuuliza amesikia wapi. "Watu wote wanasema hivyo." Basi hadithi zetu nazo zimo katika hao watu wote.

Ukweli ni huu. Sukari peke yake haimzuii mkimbizi kuhamia nchi ya tatu. Marekani iliondoa VVU kwenye magonjwa yanayozuia kuingia tangu Januari 2010. Kanada haimkatai mkimbizi eti kwa sababu matibabu yake ni ghali. Kifua kikuu kinachoambukiza huchelewesha safari mpaka utibiwe. Na Marekani iliposimamisha mpango wake wa wakimbizi Januari 2025, wazima na wagonjwa walibaki pamoja.

Kinachoumiza ni kuficha. Aliyeficha anapanda ndege bila barua ya daktari, na huko anakokwenda hakuna anayejua kwamba anahitaji dawa. Insulini yenyewe inakaa begi la mkononi. Ukiiweka kwenye mizigo ya chini ya ndege inaweza kuganda, na ikishaganda haifai tena.

Abdulrazak Gurnah, kwenye riwaya yake By the Sea ya mwaka 2001, anamfikisha mzee Saleh Omar uwanja wa Gatwick, na afisa anafungua begi lake. Ndani kuna kisanduku cha udi. Afisa anakichukua. Kwa kitu kimoja hicho tunaona mtu ameacha nini. Sisi tuna ule mfuko mweupe wa IOM, kila mtu anaujua, lakini waandishi wetu wanauacha umefungwa.

Wandugu, ufungueni. Tuandikieni sindano, barua, dawa za akiba. Sindano ya saa mbili usiku inachomwa saa ngapi ukishavuka bahari? Hilo msichana wetu amepanga kumuuliza daktari kabla ya safari, na sijalisoma kwenye insha hata moja.

Nanyi wa mashirika, mnaotuomba kila mara hadithi za mafanikio, ombeni na hizi.