Oili Ipo, Beringi Zimekauka

Fungua injini ya Subaru iliyonoki baada ya kukimbizwa kwenye mashindano, mwaga oili kwenye beseni, uipime. Mara nyingi lita zake zimetimia. Isogeze juani uone inavyometameta kwa chembe za chuma. Chomoa beringi ya konrodi: tabaka laini la juu limekwanguka mpaka shaba inaonekana. Hapa Buhongwa, Mwanza, kwenye gereji za barabara ya Usagara, lawama ya kwanza itaiangukia oili feki. Pengine ni kweli. Ila kuna sababu nyingine inayosahaulika, nayo ni kona.

Gari likikata kona yenye nusu kipenyo cha mita 40 kwa kilomita 60 kwa saa, linavutwa pembeni kwa nguvu inayofikia asilimia 70 ya uzito wake. Uso wa oili ndani ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, unainama nyuzi 35 hivi. Fikisha kilomita 72, kama tairi zinashika, zinakuwa nyuzi 45. Oili yote imelundikana upande mmoja na mrija wa kufyonzea unavuta hewa. Konrodi na krenki hazitakiwi kugusana kabisa. Kinachozitenga ni utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, sekunde chache bila utando huo zinatosha kuua beringi.

Injini ya EJ20 ya Subaru ina mtihani wa ziada. Silinda zake zimelala, sampu yake ni pana na haina kina, na kwenye kona ndefu oili hukimbilia silinda hedi ya upande wa nje, ikachelewa kurudi. Mrija wake wa kufyonzea nao unajulikana kwa kupasuka kwenye maungio.

Porsche walikuwa na injini ya silinda zilizolala pia, na dawa waliitia tangu 911 ya kwanza iliyoingia sokoni mwaka 1964. Waliiondoa akiba ya oili chini ya injini. Pampu moja hukausha sampu na kupeleka oili kwenye tangi la pembeni. Ya pili huchota chini ya tangi hilo na kulisha beringi. Ile ya kukausha ina uwezo mkubwa zaidi, kwa sababu inavuta oili iliyochanganyika na hewa. Tangi ni refu kwenda juu, hewa inapata nafasi ya kujitenga, na oili hata ikiyumba, mdomo wa kuchotea unabaki umezama. Ndiyo maana oili ya 911 hupimwa injini ikiwa ya moto na inaunguruma, kinyume na tulivyozoea. Kwenye Safari Rally, 911 zilimaliza za pili mwaka 1972 na Sobiesław Zasada, 1974 na Björn Waldegård, na 1978 na Vic Preston Jr. Ushindi wenyewe hazikuupata, lakini kwa barabara zile, kufika ni kazi kubwa.

Kuihamishia Subaru mfumo huo ni gharama ambayo wengi hatuiwezi, na sishauri mtu aanzie huko. Aanze na sampu. Fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kuzungushia mdomo wa mrija vibati vyenye vilango vinavyofunguka kuelekea ndani tu: oili inaingia, haitoki. Akague pia kitako cha sampu. Kwa mawe ya Mwanza, kitako kilichobonyea huusogelea mdomo wa mrija na kuuziba, hata kama hakijavuja tone. Kuongeza nusu lita juu ya alama husaidia siku ya mashindano. Zaidi ya hapo krenki inaanza kuipiga oili mpaka inatoa povu, na povu halibebi beringi. Mwenye fedha kidogo aongeze silinda ya akiba yenye pistoni na hewa iliyobanwa: presha ikishuka, inasukuma oili kwenye injini kwa sekunde chache za kona.

Taa ya oili ya dashibodi usiitegemee. Huwaka presha ikiwa imekaribia sifuri, beringi zikiwa zimeshaumia. Funga geji halisi ya presha. Mshale ukianguka kwenye kona ileile kila mzunguko, oili inakimbia mrija. Ukiwa chini hata kwenye mnyoofu na injini imepata moto, kagua pampu, mrija na beringi zenyewe kabla ya kugusa sampu.