Kim Deal na Swali la Ujumbe katika Uhakiki wa Wimbo

Mhakiki wa nyimbo aliyelelewa katika jadi ya Kiswahili huuendea wimbo akiwa na swali moja: una ujumbe gani? Swali hilo limetufaa. Limetufaa katika taarabu, ambako fumbo hudai kufumbuliwa, na katika muziki wa kizazi kipya, ambako msanii mara nyingi hujitangaza kuwa mwalimu wa jamii. Hata hivyo lina mipaka, na mipaka hiyo hudhihirika tunapokutana na mtunzi ambaye maneno yake hayakutungwa ili yabebe hoja. Makala haya yanamtazama mtunzi mmoja wa aina hiyo: Kim Deal, mpiga gitaa na mwimbaji wa roki mbadala, aliyezaliwa Dayton, Ohio, mwaka 1961.

Wanaosimulia maisha yake hupenda kuanza na tangazo la gazeti. Mwaka 1986, mjini Boston, bendi changa ya Pixies ilikuwa ikitafuta mpiga gitaa la besi. Deal peke yake ndiye aliyejitokeza, ilhali chombo alichokizoea kilikuwa gitaa la kawaida. Besi aliiazima kwa Kelley, dada yake pacha. Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho. Kwa maoni yangu, kina uzito kuliko hivyo. Mtu anayepiga chombo kisicho chake hulazimika kuchagua noti chache na kuzirudia, na uchache huo, uliozaliwa na hali ya mambo, ulikuja kuwa kanuni ya utunzi wake wote.

Katika albamu ya Surfer Rosa (1988) jina lake halipo. Anatajwa kuwa Bi. John Murphy, yaani kwa jina la mume aliyekuwa naye wakati huo. Ilikuwa kejeli: alikuwa amekutana na mwanamke aliyeona kuitwa kwa jina la mumewe kuwa ndiyo heshima yenyewe. Msomaji wa Afrika Mashariki, aliyezoea kumsikia mtu mzima akiitwa Mama Fulani miaka nenda miaka rudi, ataielewa kejeli hiyo upesi. Pengine ataielewa pia ile heshima. Chini ya jina hilo la mume ndipo unapoonekana utunzi wake wa kwanza unaojulikana sana, "Gigantic", alioutunga pamoja na Black Francis, kiongozi wa bendi. Baadaye nafasi yake ya kutunga ilizidi kubanwa. Albamu mbili za mwisho za kipindi hicho, za 1990 na 1991, hazina hata wimbo mmoja wa kwake. Ndiyo maana kuanzishwa kwa The Breeders, pamoja na Tanya Donelly wa Throwing Muses, hakuwezi kuhesabiwa kuwa kazi ya pembeni. Alikuwa akirejea kwenye gitaa na kwenye kalamu.

Albamu ya kwanza ya bendi hiyo, Pod (1990), ilirekodiwa na Steve Albini mjini Edinburgh, na ukimya umeachwa wazi ndani yake kama chumba kisicho na samani. Lakini wimbo unaotupa kazi kubwa zaidi ni "Cannonball", wa albamu ya Last Splash (1993). Unaanza kwa sauti ya mtu anayejaribu maikrofoni, imekwaruzwa hadi haitambulikani vizuri. Kisha besi ya Josephine Wiggs inaingia katika ufunguo usio sahihi, nusu toni chini, na kujisahihisha gitaa linapofika. Lilikuwa kosa la mazoezini, nao wakaliacha. Mhakiki akitafuta ujumbe hapa ataondoka mikono mitupu, au atautunga mwenyewe, jambo ambalo ni baya zaidi. Maana ya wimbo huu imo katika kosa lililosahihishwa mbele ya msikilizaji, na katika pale ambapo ala zote hunyamaza ghafla kabla ya kiitikio.

Si kila jaribio lake la namna hii lilifaulu. Pacer (1995), aliyoitoa kwa jina la The Amps, ina nyimbo ambazo uchache wake unafanana na rasimu. Title TK ilichelewa hadi 2002, na jina lake ni alama ya wahariri wa magazeti inayoonyesha kwamba kichwa cha habari hakijapatikana. Mwandishi anayeiita kazi yake kwa alama ya jina linalosubiriwa ametuambia waziwazi ana imani kiasi gani na maneno.

Hata hivyo, ni neno moja dogo linalobeba wimbo wake mzito kuliko yote. "Are You Mine?", uliomo katika Nobody Loves You More (2024), albamu yake ya kwanza kwa jina lake mwenyewe, una mwendo wa taratibu wa nyimbo za mapenzi za zamani, na asiyejua asili yake atamsikia mpenzi akimuuliza mpenzi. Asili yake ni nyingine. Mama yake Deal aliugua ugonjwa wa kusahau, na siku moja, wakiwa nyumbani, alimuuliza binti yake swali hilo.

Tufanyeje kwa Kiswahili? Anayefuata ujumbe ataandika "Wewe ni mwanangu?" Atakuwa ameeleza kilichotokea, na ameuvunja wimbo, kwa sababu alichopoteza mama huyo ni lile neno "mwanangu" lenyewe. Kilichombakia ni kujua kwamba aliyesimama mbele yake ni wake kwa namna fulani asiyoweza kuitaja. Kimilikishi chetu "wangu", kikisimama peke yake, hakisemi kama ni mtoto, mume au mpenzi. Kinahifadhi giza lilelile. "Wewe ni wangu?" inafaa kwa maana, ila ni ndefu kwa mdundo. Napendekeza "U wangu?": silabi tatu, kama za asili, na kitenzi kishirikishi kifupi cha ushairi wetu wa zamani, ambacho mwimbaji anaweza kukivuta kwa kadiri pumzi yake itakavyomruhusu.