Jambia ni la Nani?

Katika arusi moja huku kwetu Temeke, bwana arusi alitoka amevaa kanzu, joho na kilemba, na kiunoni jambia la kuazima. Mzee mmoja akasema, "Hayo ni mambo ya Waarabu, si yetu." Mwenzake akamjibu, "Babu yangu alilivaa; ni letu." Nimeyapima maneno yao, nami naona yote mawili yana kosa moja: kila mmoja adhani kitu hakiwezi kuwa na wenyewe wawili.

Tuanze na neno. Waomani, waliotawala Unguja hata mwaka 1964, hukiita kisu hiki khanjar. Jina la jambia limetoka katika Kiarabu janb, maana yake ubavu, nalo ndilo litumikalo Yemeni. Basi tulitawaliwa na watu wa khanjar, lakini twasema jambia. Ulimi haukufuata enzi.

Tutazame na mpini. Ule wa majambia ya fahari ulichongwa kwa kipusa, na kipusa kingi kilitoka Afrika ya Mashariki. Asemaye "si letu" amesahau mpini. Asemaye "ni letu" amesahau sonara wa ng'ambo aliyeipamba ala kwa fedha.

Wengine wametutangulia katika jambo hili. Watu wa Java na wa Bali wana kisu chao, keris. Bali iliingia chini ya dola ya Majapahit ya Java katika karne ya 14, ikapokea mengi kutoka huko. Hata hivyo Wajava hupendelea chuma kisichong'ara, na watu wa Bali hukisugua hata kilainike, na keris zao kwa kawaida ni ndefu zaidi. Asili ni moja, mikono ni miwili, wala mtu wa Bali haambiwi kwamba amevaa cha jirani.

Ni kweli UNESCO imeandika keris kwa jina la Indonesia mwaka 2008, na khanjar kwa jina la Omani mwaka 2022. Hiyo ni heshima ya haki kwa mafundi. Lakini daftari hilo si hati ya shamba, na keris huvaliwa Malaysia pia.

Lakini mwenye kudai urithi na akubali na deni lake. Biashara ya kipusa baina ya mataifa ilikatazwa mwaka 1977, na vifaru wetu wengi waliuawa kabla na baada yake kwa ajili ya mipini hiyo. Kwa hiyo wazee wale wasimvue kijana jambia lake, wala wasimsifu bure. Na wamweleze jina lake lilitoka wapi, ala ilitoka wapi, na mpini uligharimu nini. Hapo ndipo litakuwa lake.