Urithi au Upatanisho? Juu ya Istilahi za Uandishi wa Programu

Wenye kufasiri istilahi za uandishi wa programu huliona neno “urithi” kuwa jepesi, maana Kiingereza nacho chasema hivyo hivyo. Nionavyo mimi, neno hili lapotosha. Mirathi hugawanywa mwenye mali akiisha kufa. Katika programu mzazi hafi wala hapungukiwi na kitu. Mkazi wa Mgeta au Matombo, katika milima ya Uluguru, aweza kulielewa jambo hili upesi kuliko mfasiri: huko kwa desturi ukoo huhesabiwa upande wa mama, na mtu hulima ardhi ya ukoo kwa kuwa yeye ni wa ukoo huo, nao ukoo hauachi kuwa na ardhi yake.

Isitoshe, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard wa Norway, walioianzisha fikra hii katika lugha ya Simula 67, hawakuiita urithi. Waliiita kutia kiambishi awali: jina la ngeli kubwa hutangulia mbele ya ngeli ndogo. Hapo mwanaisimu wa Kibantu yu nyumbani kwake.

Tutazame ruwaza ya mjenzi, iliyoelezwa mwaka 1994 na Gamma, Helm, Johnson na Vlissides. Mjenzi hukiunda kitu hatua kwa hatua, kisha hukitoa kikiwa kamili. Waandishi wa Java wamezoea kuzifunga hatua hizo kama mnyororo: kila amri humrudisha mjenzi, ili amri ya pili ifuatie papo hapo. Tuseme mjenzi wa nyumba ana amri ya kuweka mlango. Mjenzi wa ghorofa ni mwanawe, naye ameongeza amri ya kujenga ngazi. Mwanafunzi aandika: mjenzi wa ghorofa, weka mlango, jenga ngazi. Maandishi yakataliwa. Amri ya mlango iliandikwa na mzazi, nayo iliahidi kumrudisha mjenzi wa nyumba. Na mjenzi wa nyumba hajui ngazi. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba mwana “amerithi kila kitu” hana pa kushika.

Lakini mwambie: “Kifaru mkubwa kimelala.” Atacheka, naye atakuwa amekwisha kuelewa. Kifaru mnyama ana umbo la ki-, walakini upatanisho wake ni wa viumbe hai, nao hauna budi kushikwa hadi mwisho wa sentensi. Mnyororo wa mjenzi umekatika vivyo hivyo: katikati umerudia ngeli ya mzazi.

Dawa yake nayo tunayo. Joshua Bloch, katika chapa ya 2018 ya kitabu chake juu ya Java, amwachia mzazi nafasi tupu ya aina, na kila mwana aijaze kwa jina lake. Je, si ndivyo kamusi zetu ziandikavyo -kubwa na -zuri, kwa kistari kinachongoja kiambishi?

Wanafunzi wa Mzumbe na Sokoine, pale Morogoro, hufundishwa taaluma hii kwa Kiingereza na hujadiliana kwa Kiswahili. Kuwapa “darasa” na “urithi” ni kuwapa Kiingereza kilichovikwa kanzu. “Ngeli” na “upatanisho” wamezijua tangu shuleni. Kasoro moja naikubali: ngeli za Kiswahili ni chache, wala msemaji hajiundii mpya, ilhali mwandishi wa programu huunda zake kila siku. Pengine kwa kuunda huko “nasaba” ingefaa. Kwa mnyororo wa mjenzi, sioni neno lishindalo “upatanisho”.