Likeni za Mugusu na Ushahidi wa Zebaki Hewani

Mchimbaji mdogo anapochoma bonge la dhahabu na zebaki, zebaki huchemka ikifika nyuzi joto 357, ikageuka mvuke usio na rangi wala harufu na kupotelea hewani. Kwa kuwa mvuke huo hauonekani, ubishi hauishi: zebaki iliyo katika hewa ya ukanda wa dhahabu, kuanzia Mwakitolyo mkoani Shinyanga hadi Nyarugusu na Mugusu mkoani Geita, inatoka kwenye mialo ya kuchenjulia, au ni ya mioto ya kiangazi na vumbi la udongo? Swali hili lina jibu, ila halitolewi na kipimo kimoja. Zebaki peke yake haisemi ilikotoka. Husema pale inaposomwa pamoja na kemikali zinazosafiri nayo.

Msingi mzuri uliwekwa na Justinian Ikingura wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mwenzake Hirokatsu Akagi kutoka Japani, ambao mwaka 2002 walichapisha utafiti wa likeni katika maeneo ya wachimbaji wadogo wa Tanzania. Likeni, vile viumbe vya rangi ya kijivu na kijani vinavyoshikamana na magome ya miti na majabali, hazina mizizi. Chakula chao hutoka hewani na kwenye mvua, kwa hiyo hukusanya kilichopita hewani kwa miezi na miaka, kazi ambayo kipimo cha siku moja hakiiwezi. Sampuli hubanduliwa kwenye gome, husafishwa vumbi, kisha hukaushwa pasipo joto kali, maana joto lingeifukuza zebaki yenyewe. Matokeo yalionyesha kuwa likeni za karibu na mahali pa kuchenjulia zilibeba zebaki nyingi kuliko za mbali. Kiwango kinachopungua kadiri unavyoondoka mwaloni kinaelekeza kidole mwaloni.

Mpinzani makini atasema likeni zimenasa vumbi la marudio tu, yaani mabaki ya mwamba uliosagwa na kuchenjuliwa, wala si mvuke. Pingamizi hili lina uzito, na dawa yake ni alumini. Vumbi la mwamba haliji bila alumini, lakini mvuke wa zebaki hauna. Ikiwa uwiano wa zebaki kwa alumini ndani ya likeni unazidi sana ule wa marudio ya jirani, ziada hiyo haikuletwa na vumbi. Kuhusu mioto ya nyasi, nayo ina alama yake: selulosi ya mimea ikiungua hutoa levoglukosani, sukari ambayo mvuke wa zebaki hauna. Zebaki ikipanda hewani na levoglukosani isipande, moto wa porini hauna kesi ya kujibu.

Kipimo cha ndani zaidi ni isotopu, yaani atomi za elementi moja zinazotofautiana uzito. Zebaki ina isotopu 7 zilizo imara, na mwanga wa jua huzitenga kwa namna ya pekee zile za namba witiri, 199 na 201. Zebaki iliyozunguka angani muda mrefu na kufyonzwa na majani hubeba alama hiyo. Ile ya chupa anayotumia mchimbaji, iliyochimbwa kutoka miambani, karibu haina. Ni kweli kwamba kuchoma huvuruga isotopu, kwa kuwa nyepesi hutangulia kuvukizwa. Lakini mvurugo huo hufuata uzito, na alama ya witiri huiacha karibu ilivyokuwa. Vipimo hivi ni ghali, ndiyo sababu likeni zianze, na isotopu zitumike pale tu ubishi unapobaki.

Wapo watakaouliza faida ya kutafuta chanzo ilhali zebaki inajulikana kuwa sumu. Faida ni kwamba kila chanzo kina dawa yake. Vumbi la marudio hudhibitiwa kwa kuyafunika na kuyazungushia kingo. Mvuke hudhibitiwa kwa retoti, chombo kinachoupoza na kuirudisha zebaki kwa mwenyewe. Kufunika marudio mahali ambapo tatizo ni mvuke ni kumwacha mchomaji, na watoto wanaocheza jirani naye, wakiendelea kuvuta sumu ileile. Halmashauri za Geita na Shinyanga zianze na ramani ya likeni kuizunguka mialo na maduka ya dhahabu ya mijini, ndipo ziamue retoti zipelekwe wapi kwanza.