Hongera Mafundi wa Wanasesere

Mwaka 2015, Rebecca Atkinson, mwandishi wa habari wa Uingereza mwenye ulemavu wa kusikia na kuona, alichoka kutazama rafu za maduka ya midoli zisizo na hata mwanasesere mmoja kiziwi. Yeye na wazazi wenzake wakaanzisha kampeni ya Toy Like Me, wakichukua wanasesere wa kawaida na kuwavisha vifaa vya kusikia walivyovitengeneza wenyewe. Tinker Bell, yule kichimbakazi mwenye mbawa, akapata kipandikizi cha koklea. Picha yake ikasambaa, na mwaka huohuo kampuni ya Makies ya London ikatoa wanasesere wenye vifaa vya kusikia.

Barbie alichelewa. Alianza kuuzwa mwaka 1959, lakini kifaa cha kuvaliwa nyuma ya sikio kilimfikia mwaka 2022. Hata hivyo Mattel, watengenezaji wake, wanastahili pongezi, kwani walimshirikisha mtaalamu wa usikivu, na kifaa chenyewe kina rangi ya waridi inayoonekana wazi. Hilo ndilo ninalolipenda zaidi: hakikufichwa chini ya nywele, ilhali watoto wengi huficha vyao. Mwigizaji kiziwi Rose Ayling-Ellis, aliyemtambulisha mwanasesere huyo Uingereza, amesimulia kwamba utotoni alikuwa akiwachorea Barbie zake vifaa vya kusikia kwa mkono wake. Mtoto anayempata huyu mpya hana haja ya kalamu. Anaanza kucheza moja kwa moja.